Wa Kumshusha Bi Shamsa

Mahamri ya Bi Kanze yalikuwa matamu kuliko yote pale mtaani kwetu Mji wa Kale, na hayakupata wanunuzi. Mkono uliokanda unga ule ndio uliowaosha mama zao na bibi zao siku ya kufa, na watu wakiliwaza hilo hamu huwatoka. Wapumbavu. Kama kuna mkono uliokuwa ukisuguliwa kwa sabuni katika mtaa ule, ni huo. Mimi niliyala tangu utotoni, si kwa ushujaa, bali kwa sababu duka letu la vitambaa lilitazamana na mlango wake, na harufu ya iliki ilivuka kichochoro ikanikuta nimekaa.

Alikuwa muosha maiti za wanawake. Mtu akifiwa na mama au mke, alituma habari kwa Bi Kanze, na Bi Kanze kabla ya kwenda huko alipita kwangu kuchukua bafta ya sanda. Nilimkatia bila ya kuulizana. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya chini na mzaha mwingi. "Nabeel," alikuwa akiniambia mbele ya wateja, "hicho kitambaa unachomuuzia mwenzangu chachuja rangi. Changu mimi hakichuji, na hakuna aliyewahi kukirudisha." Wateja walicheka, kisha wakasogea mbali naye kidogo.

Kwao ni Kaloleni. Alikuja mjini msichana, akamtumikia bibi mmoja wa Kibokoni aliyekuwa muosha maiti, akasilimu mikononi mwake na kupewa jina zuri la Kiislamu ambalo hakuna aliyelitumia, hata mwalimu wetu wa msikitini. Bibi yule alipozeeka, kazi ikabaki kwa Kanze. Waume walikuja na kwenda. Mtoto hakupata. Alikuwa na Chonga, basi.

Chonga ni mtoto wa dada yake. Dada alikuja kumtembelea akashikwa na homa, akafia pale pale, na Bi Kanze akamwosha mwenyewe, akamvika sanda mwenyewe, akafungua mlango wanaume wamchukue. Kisha akarudi ndani, akamshika mkono yule mtoto akampeleka jikoni kula. Mama yangu, ambaye alikuwako, alisimulia hata uzeeni mwake kwamba alimtazama sana Bi Kanze siku ile aone kama atalia. Hakulia.

"Kazi yangu mimi yaishia mlangoni," Bi Kanze alikuwa akisema. "Mlango ukifunguliwa, maiti ni yenu nyinyi wanaume." Na ndivyo ilivyo kwetu, wanawake hawaendi makaburini. Aliwaosha wanawake wa mtaa mzima na hakuliona kaburi la hata mmoja wao, wala la dada yake.

Vyombo vyake vya kazi alivifungia chumba cha nyuma: kitanda cha kuoshea, ndoo, kata, gunia la majani ya mkunazi, kafuri. Kitanda kile kilikuwa cha wakfu na yeye ndiye aliyekitunza. Watoto hawakukaribia chumba kile hata kwa kuhongwa. Chonga mwenyewe, aliyekulia ndani ya nyumba ile mpaka akawa dume la mtu lenye mabega ya kuli, alipita mbele ya mlango wake upesi upesi huku akitazama upande mwingine. Bi Kanze alimcheka sana kwa hilo.

Vita vya Somalia vilipoanza, watu wa Barawa walikimbilia Mombasa, na mtaa wetu uliwapokea. Waislamu wenzetu, mapishi ni yale yale, maneno yao na yetu yakaribiana. Tulijisifia ukarimu mpaka tukachosha. Miaka ikapita, kodi za vyumba zikapanda, kazi za bandarini zikapungua, milango ya watu ikavunjwa na wezi, na ule ukarimu ukawa kama haujapata kuwako. Basi zilipofungwa kambi za wakimbizi za huku pwani na wakimbizi kutakiwa waende kambi za mbali huko kaskazini, aliyebaki mjini akawa mtu wa kusakwa. Vijana wa mtaa wakaunda doria.

Mwanzo ilikuwa doria ya wezi, na mimi nilichangia tochi. Baadaye waliweka benchi mdomoni mwa kichochoro, wakawa wanamsimamisha mchana kweupe kila wasiyemjua. Kitambulisho kiko wapi? Waenda kwa nani? Babako nani? Aliyeshindwa kujibu walimpeleka kwa askari, na askari walishukuru kupunguziwa kazi. Mkubwa wao alikuwa Chonga. Alikuwa ameachishwa kazi bandarini, kodi ya chumba chake cha Mji wa Kale ikamshinda, akahamia Tudor na mkewe, na chumba kikapangishwa jamaa waliotoka Barawa. Kinyongo chake kilikuwa na haki yake, sikatai. Lakini mtu anayetoka Tudor kila asubuhi kuja kulinda mtaa asiokaa tena, huyo anatafuta kitu kingine, na mimi sikupenda alivyokuwa akikitafuta.

Kwa Bi Kanze kulikuwa na mama mmoja wa Kibarawa, Bi Shamsa, mgonjwa wa moyo, miguu imemvimba. Alichukuliwa na Bi Kanze siku ile ile kambi ilipofungwa, na doria haikumgusa. "Mama mzee hana neno," Chonga alisema, na hata dawa alimletea. Waliyemtaka ni mwanawe, Abukari. Abukari alipandishwa lori pamoja na wenzake kupelekwa kaskazini, na njiani akaruka akarudi kwa mama yake. Habari zilikuwa zimefika benchini kwamba ameonekana, ila haikujulikana analala wapi.

Alikuwa akilala juu ya kitanda cha kuoshea maiti. Bi Kanze aliniambia mwenyewe, alipokuja kuchukua shuka nzito. "Ni ya nani hii?" nikamuuliza, kwa maana yeye hununua nyeupe tu. Akanitazama. "Ya mtu alalaye kitandani kwangu, na bado yu hai," akasema.

Ijumaa baada ya swala Chonga hula kwa mama yake mdogo, na mimi kwa desturi ya zamani hualikwa. Ijumaa moja tulikuwa tumekaa mkekani, Bi Shamsa amelala chumba cha mbele, na Chonga akaanza.

"Mama, yule kijana wa Bi Shamsa yuwapi?"

"Kula," Bi Kanze akamwambia.

"Nakuuliza kwa wema. Akionekana humu, aibu ni yangu mimi. Watu watasema nawasaka wa wenzangu, wangu nawaficha."

"Wataka kupekua? Funguo zile pale msumarini. Anza na chumba cha nyuma."

Chonga alizitazama zile funguo. Kisha akazivuta kwake sahani za wali kama mtu aliyekumbuka njaa. "Sikusema hivyo," akasema. Bi Kanze akacheka mpaka mabega yakatikisika, na nyuma ya mlango ule, hatua chache kutoka tulipokaa, hakukusikika hata kikohozi.

Bi Shamsa alifariki wiki ileile, baada tu ya swala ya alfajiri. Sijafungua duka nikamwona Bi Kanze amesimama nje. Nikashika mkasi. Nikamkatia bafta, akaikunja, lakini hakuondoka.

"Nataka kanzu yako na kofia," akasema. "Na lile gari la binamu yako liendalo Lunga Lunga mpakani na vitambaa, leo lingoje nyuma ya makaburi, kwenye mlango mdogo. Kijana ana jamaa zake Tanga."

"Abukari ni mrefu. Kanzu yangu itamfika juu ya vifundo."

"Basi watadhani ni mtu wa sunna, hao si huvaa fupi?"

Ulikuwa mzaha wake wa mwisho niliousikia, ndiyo maana naukumbuka.

Alichokitegemea ni hiki. Kwetu jeneza likipita, mwanamume yeyote aliye njiani huinuka akatia bega, hata kwa hatua chache, hata kama maiti hamjui. Anamgusa aliye mbele yake, naye anamwachia nguzo, na hakuna anayemtazama mwenzake usoni kwa sababu kila mtu yumo katika kumtaja Mungu. Jeneza halisimamishwi na halisailiwi. Doria ingeinuka kwenye benchi kama watu wengine wote. Abukari angetoka mchana, mbele yao, chini ya mama yake.

Asubuhi nzima wanawake waliingia na kutoka. Bi Kanze aliosha, akakafini kwa ile bafta, akafukiza udi. Halafu aliwatoa wote nje, akafungua chumba cha nyuma, akamwacha Abukari ambusu mama yake kipajini. Hapo ndipo alipomwambia maneno ambayo mimi niliyajua baadaye. "Ukifika makaburini usisimame. Pita moja kwa moja mpaka kwenye gari." Abukari akajibu, "Sawa, mama." Mimi niliambiwa gari lingoje tu. Nilichukulia kwamba kijana atazika kwanza.

Baada ya adhuhuri wanaume tulijaa mle ndani, tukasoma dua, tukainua. Katika msukumano ule mlangoni niliiona kanzu yangu imetokea ubavuni, na bega la Abukari limekwisha kuingia chini ya nguzo ya mbele. Tukatoka. Penye benchi vijana wote walisimama, mmoja akatupa sigara yake akaikanyaga. Chonga akaja mbio mbio kutoka upande wa pili, akamgusa Abukari begani, na Abukari akamwachia nguzo. Walipishana hivi, kifua kwa kifua. Chonga hakumtazama. Alikuwa akilia, nami nilimpenda kwa hilo kwa muda wa kichochoro kimoja.

Tulimswalia, tukaenda makaburini. Maiti ya mwanamke haishushwi hivi hivi mbele ya macho ya watu, hutandazwa shuka juu ya kaburi, na vijana wa doria ndio walioishika, Chonga pembe moja, wenzake pembe nyingine. Mimi nilisimama nyuma nikimtafuta Abukari kwa macho. Nikamwona yuko mbali, amekwisha kuyapita makaburi, yuko kwenye ule mlango mdogo. Gari lilikuwa linaunguruma. Mkono wake ulikuwa umeshika mlango wa gari. Nikashangaa, nikasema moyoni, mbona anaondoka mapema?

Ndipo Mwalimu akapaza sauti. "Mahram yake yuko? Ateremke."

Mwanamke hupokewa kaburini na mtu wake: mwana, kaka, baba, mtoto wa dada. Kila mtu anajua. Watu wakatazamana. Mume wa Bi Shamsa alikufa vitani, ndugu zake hatukuwajua.

"Hana mtu?" Mwalimu akauliza tena, na safari hii kwa huruma, ikawa mbaya zaidi.

Mzee mmoja akainama kuvua viatu. Hakuna ubaya, akikosekana mahram, mtu mwema yeyote humshusha. Abukari alisoma chuo cha dini huko kwao, alilijua hilo kuliko mimi. Alikuwa na ruhusa ya dini na ya Bi Kanze pia. Alisimama pale mlangoni kitambo, akiwa ametugeuzia mgongo. Kisha akauachia mlango wa gari, akarudi akipita katikati ya makaburi bila ya haraka, huku akiipandisha kanzu yangu na kuikaza kiunoni.

"Mimi ni mwanawe," akasema.

Shuka ilitikisika kwenye pembe ya Chonga, halafu ikatulia. Abukari akapita chini yake, akateremka. Tukampa mama yake. Tulisikia pumzi zake, na mchanga ukimwagika kidogo kidogo alipokuwa akimlaza kwenye mwanandani, ule upenyo wa ubavuni mwa kaburi, akimfungua vifundo vya sanda, akimgeuza kuelekea kibla. Alichukua muda. Chonga hakuishusha ile shuka wala hakuinama kuchungulia. Mikono yake ilikuwa imenyooka sawasawa, na uso wake sikuweza kuusoma.

Abukari akapanda juu, akashika jembe pamoja nasi. Tukafukia, talakini ikasomwa, kaburi likamwagiwa maji. Wakati huo wote vijana wa doria walikuwa wamejipanga kimya kimya upande wa mlango mdogo.

"Chonga," Mwalimu akaita. "Mwache."

"Nimemwacha azike, Mwalimu," Chonga akajibu.

Akachukua debe lenye maji yaliyobaki, akamwendea Abukari. "Nawa," akamwambia. Abukari akakinga mikono. Chonga akammiminia, taratibu, mpaka udongo ukatoka wote, hata wa kwenye kucha. Kisha akaliweka debe chini, wawili wakaja wakasimama huku na huku, wakaondoka naye kwenda kwa askari. Mimi nilimwambia Chonga neno ambalo halisemwi makaburini, mbele ya watu, kwa sauti. Hakugeuka. Gari la binamu yangu likaenda Lunga Lunga na vitambaa peke yake.

Nilimkuta Bi Kanze uani anaosha kile kitanda.

"Gari limeondoka?" akauliza.

"Limeondoka."

"Naye?"

Nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho huku ameshika kata iliyojaa maji, wala haikumwagika. "Alirudi kwa nini?" akauliza, kama mtu anayeuliza bei.

"Mwalimu aliita mahram."

"Mahram," akasema. Kuku wa jirani akapita pale uani, naye akamtazama mpaka akatoka. "Kuna kushushwa," akasema. "Nimewaosha watu umri wangu wote. Nikamwambia kijana asisimame, nami najua kwamba kuna kushushwa, nani asiyejua? Sikuliwaza. Mimi nikifungua mlango, naona imekwisha."

Nikaisogeza ndoo karibu naye.

"Alimshusha vizuri?" akauliza.

"Vizuri."

"Haya," akasema, akamimina ile kata juu ya kitanda, akaendelea kusugua.

Nilingoja alie. Nilingoja amlaani mtu, angalau amlaani Chonga, nimsaidie. Siku za matanga alipika, akagawa kahawa, akaitikia dua. Wanawake walikuja wakamwambia pole, akasema tumeshapoa. Baadaye kazi zikaja kama kawaida, akapita dukani, nikakata bafta, akakunja, akaenda. Hakunitania tena juu ya vitambaa vinavyochuja. Mahamri yakawa hayana iliki. Nilimwambia, naye akasema, "Ah, kweli?" na kesho yake hayakuwa nayo vile vile. Niliyala. Yalikuwa unga na mafuta.

Habari za Abukari hatukupata. Mmoja alisema yuko kambini kaskazini, mwingine akasema alivushwa mpaka akarudishwa kule kule alikokimbia. Nilikwenda kuuliza kwa askari, nikaambiwa ningoje, nikangoja, wakafunga ofisi. Benchi lilikaa pale pale mdomoni mwa kichochoro mpaka mvua za masika zikalilegeza.

Kitu kimoja tu kilizidi katika kazi ya Bi Kanze. Maiti ikishafungwa sanda, kabla hajafungua mlango, huuliza, "Wa kumshusha yuko?" Wafiwa walidhani ni sehemu ya taratibu.

Chonga hakuonekana kwa Ijumaa kadhaa. Halafu akaja, amevaa vizuri, amebeba tikiti maji. Bi Kanze akalipokea, akatandika mkeka, akaniita na mimi. Nilitaka kukataa. Nilikwenda kwa ajili ya Bi Kanze. Akapakua wali, akaleta samaki wa nazi, akamwekea Chonga kipande cha kichwa anachokipenda tangu utotoni. Tukala bila ya maneno, mpaka Chonga mwenyewe akashindwa.

"Mama, sema nami basi. Nitukane."

"Nikutukanie nini."

"Ningemwachilia, ningewaambia nini wenzangu? Walimwona wote."

"Sikukuuliza."

Akamsogezea mchuzi. Sauti yake haikuwa na hasira, na ndiyo iliyonitisha. Ilikuwa sauti ya mtu anayekueleza ndoo iko wapi.

"Chonga."

"Naam, mama."

"Mimi sina mtoto. Kaka zangu wamekwisha kufa. Siku yangu ikifika Mwalimu ataita mahram, na hapana mwingine, ni mtoto wa dada yangu. Wewe ndiwe utakayenishusha."

Chonga alikuwa na tonge mkononi. Akalirudisha sahanini.

"Kula basi," Bi Kanze akamwambia. "Mimi si mwepesi."

Chonga akanyoosha mkono kwenye wali, akaurudisha mtupu, akaukalia.